Barua kwa mwanangu: Mishi, hadithi yako inanuka mtihani

Mwanangu Mishi,

Assalaam alaykum. Hadithi nimeisoma. Nikairudia usiku babako alipokwisha lala, kalamu mkononi, na ndiyo sababu nakuandikia badala ya kukupigia simu. Kwa simu utaniambia "sawa mama, nimeelewa", na Jumapili utapanda treni kwenda kwenye darasa lenu la uandishi Nairobi na kurasa zilezile.

Kisa ni kizuri. Mama mwenye meza ya mahamri pale Likoni, Mombasa, anafika alfajiri, anakuta mahali pake pamekaliwa na mwenzake mwenye karatasi ya kaunti. Hapo umeshika jambo. Na mwisho wake, anapokataa kugombana akamuuzia yule mpinzani mbaazi, sikuutarajia kabisa. Hilo nalisema mapema lisije likapotea katika haya yanayofuata. Lakini anayesimulia si wewe. Anayesimulia ni mtoto wa darasa la nane aliyepewa dakika 40 na anawinda alama 40.

Usome mwanzo wako kwa sauti, kama unamsomea mtu:

"Ilikuwa asubuhi yenye baridi shadidi. Jua lilikuwa likichomoza kwa madaha kutoka mashariki huku ndege wakitumbuiza kwa nyimbo tamu. Bi Mwanaisha alifungua macho yake, akapangusa uso wake na kujiuliza ni nini ambacho siku hiyo ingemletea."

Baridi shadidi, Likoni? Hata upepo wa kusi ukivuma mwezi wa Julai, anayetetemeka ni mwendesha boda boda peke yake. Jua nalo: muuza mahamri akiamshwa na jua, siku hiyo hana biashara. Wateja wake ni watu wa feri za saa kumi na moja, wanaovuka kwenda kazini kisiwani. Ili karai liwe motoni kabla yao, unga aukande usiku na aamke saa tisa. Hao ndege wenye nyimbo tamu wako wapi saa tisa? Na macho "yake", uso "wake": angefumbua macho ya nani? Kisha hilo la "ni nini ambacho siku hiyo ingemletea" ni sentensi ya Kiingereza iliyovishwa kanzu.

Hukukusudia kusema uongo. Umeokota maneno yaliyokuwa tayari, nayo yakaja na jua lao, ndege wao na baridi yao, yakamtoa Bi Mwanaisha jikoni kwake. Ndilo linalonikosesha raha. Maisha ya mwanamke yule unayajua kuliko mwalimu yeyote wa huko unakokwenda, lakini kalamu ikigusa karatasi unayaacha mlangoni na kuingia na misemo.

Misemo yenyewe najua ilikotoka. Iliandikwa ubaoni, ikakaririwa, na aliyeanza insha kwa majogoo na jua alipata tiki nyekundu pembeni. Kalamu hiyo nyekundu unajua ilikuwa ikikaa kwenye droo gani humu nyumbani. Tuyaache hayo. KCPE yenyewe, ule mtihani wa darasa la nane, ilikwisha 2023, haina haja ya kuendelea kusahihishwa katika hadithi zako.

Fanya hivi kabla ya Jumapili. Chukua kalamu ya risasi, upigie mstari kila fungu la maneno ambalo mtu akilianza, wewe unaweza kulimaliza. "Machozi yalimtiririka…" njia mbili mbili. "Alipigwa na…" butwaa. "Alifyatuka kama…" mshale. Ukurasa wako wa pili hautasalimika. Ukishamaliza, usitafute msemo mwingine mpya wa kutia pale; hapo ndipo wengi hukosea, wanatoa pambo la zamani na kuvisha jipya. Jiulize maswali mawili tu. Mkono wake ulikuwa ukifanya nini wakati huo? Ni kitu gani kilikuwa mbele yake? Ukipata jibu, liandike kwa maneno ya kawaida. Usipopata, futa na usitie kitu. Katika kazi ya namna hii mistari mingi hufutwa bila badala, na hadithi haikosi lolote.

Kwa mfano, na huu ni mfano tu, sikuandikii hadithi yako:

"Saa tisa donge lilikuwa limeinua kifuniko. Bi Mwanaisha alilibonyeza kidole, shimo halikurudi. Limepitiliza. Jana usiku kusi ilimdanganya, akalifunika nguo mbili."

Hapa hakuna aliyeambiwa kuna baridi, lakini ipo, katika nguo mbili. Hakuna aliyesema siku imeanza vibaya. Anayejua mahamri anajua kwamba donge la namna hiyo halifuri vizuri na litakunywa mafuta, na asiyejua ataona wasiwasi katika kidole. Utaniuliza, na msomaji wa Kisumu je? Atafuata. Watu husoma ili wapate wasichokijua. Usimfafanulie iliki na tui la nazi kama unamwandikia mtalii.

Sasa sikiliza hili, maana ndilo hasa. Wewe sauti unayo. Ukimsimulia khalako habari za mwenye nyumba wake, kwa ule ujumbe wa sauti unaotuma, sote tunasimamisha kazi. Huanzi na jua. Unaanza: "Yule mzee kaja tena, na leo ana mwavuli." Basi, tumekamatika. Kwa nini mtu huyo haonekani kwenye karatasi?

Jaribu njia hii. Hadithi ya Bi Mwanaisha mpigie mtu umsimulie yote bila karatasi, dakika kumi hivi, na ujirekodi. Kisha kaa uiandike neno kwa neno, pamoja na kila "yaani", kila "kumbe", kila mahali ulipojirudia na kujisahihisha. Ni kazi ya kuchosha, dakika kumi za sauti zinakula saa nzima na zaidi. Weka maandishi hayo kando ya hadithi yako uangalie mambo matatu: ulianzia wapi, ulipita haraka wapi, na ulikawia wapi. Nakuhakikishia hukuanzia kitandani. Ulianzia pale alipoona meza ya mtu mwingine. Na karatasi ya kaunti, ambayo kwenye hadithi imekula ukurasa mzima, kwa mdomo utaimaliza kwa maneno matano.

Ila usiichukue rekodi ukaimwaga kwenye karatasi ilivyo. Maongezi yana uso na mikono, karatasi haina. "Yaani" kumi zinazopita sikioni bila kuonekana humchosha msomaji kwenye mstari wa tatu. Acha moja kwa kila tano, tena pale panapobadilisha maana. "Kumbe" ni neno la thamani, linaonyesha mtu anagundua jambo mbele yetu; ukilitia kila aya linakufa. Unachokwenda kuchukua katika rekodi ni mpangilio na mwendo.

Mwendo wenyewe uko katika vitenzi, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Ukurasa wako wa tatu: akaamka, akavaa, akachukua, akatoka, akafunga, akatembea, akafika. Hiyo "ka" inakimbiza. Ni nzuri kwa ugomvi, kwa mtu anayetoroka, kwa mambo yanayoangukiana. Lakini kila kitu kikienda mbio hakuna kilicho muhimu, na msomaji hawezi kujua kwamba kufunga mlango ni kitu kidogo na kuona ile meza ni kitu kikubwa. Unapotaka asimame, rudi kwenye "li": "Meza ilikuwa pale. Si yake." Unapotaka mambo mawili yaende pamoja, tumia "ki". Mazoea ya kila siku yape "hu": "Kwa kawaida huanza na watu wa bandarini." Na "huku" ulizozitapanya kila mstari, toa zote kwa mara moja, kisha rudisha zile ambazo sentensi inazililia. Hazitafika mbili.

Hivyo hivyo "ambaye" na "ambayo". Kiswahili kina njia fupi, mwanamke aliyekaa, karatasi aliyoishika; ukiandika "mwanamke ambaye alikuwa amekaa" mara nne katika aya moja, ujue ulikuwa ukifikiri kwa lugha nyingine. Si dhambi, umesoma shule ya Kiingereza na sisi ndio tulioilipia karo. Lakini ulione.

Kuhusu mazungumzo ya wahusika. Ziba majina kwa kidole, usome maneno peke yake. Mteja, askari wa kaunti, Bi Mwanaisha na mpinzani wake, wote wanazungumza kama mtangazaji wa taarifa ya habari. "Je, unahitaji mahamri mangapi?" Nani aliyewahi kuuliza hivyo Likoni? "Wataka mangapi?" Basi. Na anayejibu anasema "nipa manne", halafu anageuka kutazama feri.

Najua utakachonijibu, kwamba mhariri atayarudisha yote kuwa sanifu. Pengine. Kuna kichekesho humo: mkutano ulioamua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu ulifanyika hapahapa Mombasa, 1928, na lahaja ya wenyeji, Kimvita, ikakaa kando. Lakini Muyaka bin Haji, mshairi wa hapa, alitunga kwa Kimvita hichihichi, akafa 1840, na mpaka leo wanafunzi wanafafanuliwa mashairi yake. Njia ya kumshinda mhariri si kulia kwamba lahaja yako inaonewa. Ni kumpa ukurasa mmoja pamoja na hadithi: orodha ya maumbo ya Kimvita uliyotumia, maana yake, na nani anayeyatumia. Yuaja (anakuja), wataka (unataka), nipa (nipe), ndoo (njoo). Simulizi iwe sanifu, mazungumzo yawe ya watu. Kisha wewe mwenyewe uifuate orodha. Bi Mwanaisha akisema "yuaja" ukurasa wa tatu na "anakuja" ukurasa wa tano bila sababu, mhariri ana haki ya kusahihisha, hajui kama ulikusudia.

Bila sababu, nasema, maana sababu zipo na ndizo tamu. Mama yule akizungumza na mwenzake ni Kimvita. Akimjibu askari wa kaunti, ghafla anakuwa sanifu, "samahani afande, mimi nina kibali". Akikasirika anasahau, lahaja inarudi. Ukiyafuata mabadiliko hayo hutahitaji kumwambia msomaji kwamba aliogopa au alikasirika. Na kama yule mpinzani ni Mdigo wa Mtongwe, Kiswahili chake si cha mtu wa Mji wa Kale. Kasikilize. Simama penye foleni ya feri, simu mfukoni, uandike ukifika nyumbani. Usimrekodi mtu asiyejua.

Sahihisho la tahajia, maneno ya kutenganisha na kuunganisha, upatanisho wa ngeli, hayo kubali yote bila kubishana. Hayo si sauti, ni uzembe.

Huko Nairobi utasikia Sheng, ile lugha ya vijana wa mitaani. Itakuvutia, na kijana wa kwanza kusoma kazi yako atakwambia ya kwako ni ya kizee. Usitie neno la Sheng ambalo hukulisikia kwa masikio yako likitoka kwa mtu wa umri na mtaa wa mhusika wako. Sheng ya Eastlands si ya mtaa mwingine, na hubadilika kabla kitabu hakijatoka mtamboni. Akiwepo mhusika wa huko, mtafute mtu wa huko akusomee. La sivyo mwache anyamaze.

Wala usidhani nakwambia lazima uandike vya pwani. Kezilahabi, yule mwandishi wa Tanzania, alizaliwa Ukerewe, mbali kabisa na bahari, Kiswahili hakikuwa lugha ya mama yake. Alipotoa mashairi yasiyo na vina wala mizani mwaka 1974, wakubwa wa ushairi walimshambulia kwamba hayo si mashairi. Hakujifanya Mswahili wa Lamu ili apate ruhusa. Umbali huo huo uutumie wewe ukianza kuandika habari za Nairobi: uwe mgeni anayeona, usijifanye mwenyeji.

Katika darasa lenu mtasomeana kazi, na hapo ndipo ninapokuhofia zaidi, kwa sababu wewe hupenda kusifiwa na watu wanaojua. Watu kumi watakupa dawa kumi, na wewe mwanafunzi mzuri utazinywa zote. Ukirudi hapa Desemba utakuwa unaandika kama mwalimu wenu. Fanya hivi: mtu akikuambia "hapa nilipotea", andika ukurasa na mstari, ana haki, yeye ndiye aliyepotea. Akianza "mimi ningefanya hivi", nyamaza, cheka naye, usiandike. Watatu wakipotea mahali pamoja, pana shimo. Ukarekebishe kwa njia yako. Kabla ya kubadili lolote hifadhi nakala ya kwanza kwa jina lake na tarehe, ili baadaye uweze kuona kama ulisafisha au uliua.

Vivyo hivyo ile programu ya simu unayoipa aya "iinyooshe". Nimeziona aya zilizonyooshwa, ziko ukurasa wa nne na wa tano, sikuhitaji kuambiwa. Zimenyooka kweli. Kila sentensi ina urefu wa mwenzake, na zote zinaishia kwa busara. Katika aya isiyopita huko una sentensi ya maneno mawili karibu na ya maneno thelathini, na ndiyo bora kuliko zote ulizoandika, ile ya mbaazi. Hesabu maneno ya kila sentensi kwenye ukurasa mmoja uone. Yakitoka kumi na mbili, kumi na tatu, kumi na mbili, kumi na moja, msomaji ameshalala.

Kusoma usiache. Lakini soma kwa mkono: chagua waandishi watatu wasiofanana, nakili ukurasa mmoja wa kila mmoja kwa kalamu, polepole. Mkono hutambua mambo ambayo jicho huruka, nani anaanza sentensi na kitenzi, nani anaficha nafsi, nani hatumii kabisa vivumishi. Kisha andika kisa kimoja kifupi, maneno mia tatu, mara tatu kwa mwendo wa kila mmoja, na mara ya nne bila kumtazama yeyote. Ya nne ndiyo uniletee. Hizo tatu tupa, usimwonyeshe mtu.

Halafu iache hadithi ya Bi Mwanaisha wiki mbili bila kuigusa, hata tarehe ya kuipeleka kwenye shindano ikikaribia. Mwombe mtu asiyeijua akusomee kwa sauti, wewe ukae na nakala yako ukitia alama kila anapojikwaa ulimi au anaporudia mstari. Usimsomee wewe, wewe utayapitia matuta kwa kuwa unajua yalipo. Kata sehemu moja katika kumi. Ukiona uchungu kukata kitu, mara nyingi ni msemo.

Nimeandika mengi na sijakwambia la sweta. Sweta ya kijani iko kamba ya nyuma, itakauka leo. Chukua na soksi, Nairobi miezi hii ndiko kwenye hiyo baridi shadidi yako. Mahamri nitakufungia ya njiani, ule mapema, usiyaweke mpaka jioni. Tiketi piga picha utume kwangu, na utoke hapa mapema, stesheni ya Miritini kuna ukaguzi wa mizigo na babako hataki kukimbizwa. Dawa zake za presha zimebaki za wiki moja. Ukipita duka la dawa mjini Ijumaa muulize kama ile ya asubuhi imefika, na ulete risiti. Maji hayajaja tangu Jumatatu, tunanunua ya mkokoteni, kwa hiyo nguo zako nyingine fua kwa khalako.

Mwisho, ufunguo wa kabati la vyombo haupo msumarini. Kama uko kwenye mkoba wako, mpe ndugu yako aulete kabla ya Ijumaa, siku hiyo nina wageni wa arubaini ya jirani na sinia zote ziko humo.

Mamako